Galen: Daktari aliyeponya vidole kwa kutibu mgongo

Je, umewahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa dawati, ukahisi kana kwamba umepigwa na stima, ganzi ikateremka mbio hadi kidole cha mwisho? Kilichogongwa ni kiwiko, ila kinacholia ni kidole! Shika hapo, maana ndipo ilipo siri ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,800 iliyopita na ambaye jina lake bado linatajwa katika vyuo vya udaktari.

Mtu huyo ni Galen. Waarabu humwita Jalinus. Alizaliwa mwaka wa 129 mjini Pergamon, ambao leo ni Bergama nchini Uturuki, wakati huo ukiwa chini ya Warumi. Baba yake, Nikon, alikuwa msanifu wa majengo, mtu mtulivu. Mama naye, kwa jinsi mwanawe alivyosimulia, akikasirika alikuwa akiwauma watumishi kwa meno!

Galen alikuwa akisoma falsafa. Alipofika miaka 16 hivi, babake aliota ndoto iliyomwagiza kijana asomee utabibu. Mzee hakuishi kuona matunda yake, kwani alifariki miaka michache baadaye. Kijana akafunga safari za masomo: Smyrna, Korintho, kisha Alexandria kule Misri.

Mnamo 157, akiwa na umri wa miaka 28, alirudi nyumbani na kupewa kazi ambayo wengi wangeikimbia. Alitibu wapiganaji waliokatana kwa panga uwanjani mbele ya mashabiki. Kila jeraha kwake lilikuwa darasa. Kupasua maiti za binadamu hakukukubalika, basi akapasua nyani na nguruwe, akifuata kila neva inakotoka na inakoishia.

Mwaka wa 162 akaingia Roma, jiji lenye madaktari tele waliooneana wivu. Huko akaletewa mgonjwa mmoja, Pausanias, msomi kutoka Syria. Kidole chake cha mwisho, cha pili yake na nusu ya kile cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Madaktari walikuwa wamevipaka dawa vidole hivyo, wakapaka tena, wapi! Hali ilizidi kuharibika.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Galen hakuanza na vidole. Alianza na swali: umewahi kuumia wapi? Mgonjwa akakumbuka kwamba akiwa safarini alianguka kutoka kwenye gari la kukokotwa, akajigonga sehemu ya juu ya mgongo kwenye jiwe. Maumivu yalikwisha, naye akasahau.

Kumbe shida ilikuwa huko! Galen aliamuru dawa iliyokuwa ikipakwa vidoleni ihamishwe, ipakwe mgongoni karibu na shingo. Waliomwona walishangaa, lakini vidole vikapona.

Sasa ni hivi. Kila upande, mizizi mitano ya neva hutoka kwenye uti wa mgongo kwa ajili ya mkono: minne shingoni, mmoja mwanzo wa kifua. Mizizi hiyo huungana, hugawanyika na kuungana tena ikipita nyuma ya mtulinga kuelekea kwapani, kama barabara zinazokutana kisha kila moja ikashika njia yake. Matawi mengine huishia begani, mengine hufika hadi ncha za vidole. Neva inayokusumbua ukigonga kiwiko hubeba hisia za kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pili yake. Nyuzi zake nyingi hutoka chini ya pingili ya saba ya shingo, eneo lilelile ambalo Galen alililenga. Ndiyo maana mzizi ukibanwa shingoni, kidole ndicho hulalamika.

Hata hivyo, usidhani Galen hakuwa na dosari. Alijisifu kupita kiasi, na kwa kuwa alipasua wanyama, alidhani baadhi ya mambo ya nyani ni ya binadamu pia. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la waliomfuata: kwa zaidi ya miaka 1,300 wengi walisoma vitabu vyake badala ya kuangalia mwili wenyewe. Ni mwaka wa 1543 ambapo Andreas Vesalius, naye akiwa na miaka 28, alichapisha kitabu kilichoonyesha makosa hayo. Kwa mfano, taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyofundisha.

Mwaka wa 192 moto uliteketeza maandishi mengi ya Galen jijini Roma, naye akaendelea kuandika uzeeni. Sehemu ya kitabu chake kikuu cha upasuaji, ikiwemo ile ya neva za uti wa mgongo, imetufikia kwa Kiarabu pekee, kwani nakala ya Kigiriki ilipotea.

Kwa hivyo siku mkono wako ukifa ganzi na usipone, usimwonyeshe daktari kidole tu. Mwambie pia kuhusu ile siku ulipoanguka kutoka kwenye bodaboda ukaamka, ukajipangusa vumbi na kusema uko sawa. Huenda jibu liko hapo.