Martin Kayamba: shule aliyosoma ilimtia kizuizini

Mtu wa Pwani anayeishi bara, kama mimi huku Ndabibi, Naivasha, haishi kuulizwa kwao ni wapi. Shaka ya namna hiyo ilimtia Martin Kayamba kizuizini.

Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, kwa asili Mbondei. Alisoma Kiungani, shule ya misheni ya Kiingereza, kisha akafanya kazi Kenya na Uganda. Vita vya 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani, Tanganyika ya baadaye. Huko mapadre na walimu Waafrika wa misheni hiyo walishukiwa kuwa majasusi wa Waingereza, kwa shule waliyosoma na lugha waliyoijua. Kayamba alishikiliwa hadi 1916.

Waingereza walipoingia, akawa karani wao Tanga. Je, hilo lathibitisha shutuma? Mimi sioni hivyo. Mwaka 1922, papo hapo Tanga, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika, Waislamu na Wakristo pamoja. Mwaka 1931 alikwenda London na Mtemi Makwaia na Francis Lwamgira kutoa ushahidi bungeni juu ya mpango wa kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, uliowahi kupigiwa debe na Lord Delamere, mlowezi wa huku Bonde la Ufa. Aliyekuwa karani wa Waingereza aliwaeleza Waingereza hao hao kwamba Waafrika hawautaki.

Alifariki mwaka 1940. Ndugu zangu, kabla hatujamwita mtu msaliti, tutazame kwanza alichotenda.