Tom Mboya: Sauti ya makuli iliyoishia kutunga sheria za kazi

MACHI 1955 gati za Kilindini, jirani na Liwatoni katika kisiwa cha Mombasa, zilinyamaza. Maelfu ya makuli walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, na hiyo ilikuwa enzi ya hali ya hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipouona mkusanyiko wowote wa Waafrika kuwa uasi.

Aliyefika kuwasemea alikuwa kijana wa miaka 24, Thomas Joseph Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Ilimpasa kuwashawishi waajiri walegeze kamba, na makuli wenye hasira warejee kazini kabla hawajapata chochote mkononi. Hilo la pili ndilo lililokuwa zito. Walimwamini, wakarudi, na shauri lilipoamuliwa wakapata nyongeza ya asilimia 33. Tangu hapo jina lake halikuhitaji kutambulishwa Mombasa.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi babaye, Mluo kutoka kisiwa cha Rusinga. Alikua miongoni mwa watoto wa vibarua wa makabila mbalimbali, akijifunza lugha zao. Hazina hiyo haikufundishwa shuleni Mang'u wala katika chuo cha Ruskin, Oxford, alikosoma baadaye.

Katika uchaguzi wa Machi 1957, uliowapa Waafrika viti vinane tu, alimbwaga wakili mashuhuri Argwings-Kodhek jijini Nairobi kwa tofauti ndogo. Kura zenyewe zilitolewa kwa kipimo cha elimu, kipato na mali: mwenye sifa nyingi alipiga hadi kura tatu, ilhali kuli wa kawaida aghalabu hakuwa na hata moja. Milango ilipofunguliwa zaidi mwaka 1961, alishinda Nairobi Mashariki kwa kishindo, ingawa wapigakura wengi hawakuwa wa kabila lake.

Marekani nako alijua la kusema na nani. Vyama vya wafanyakazi vya huko vilichangia ujenzi wa makao ya wenzao Nairobi, na mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ikaondoka kwenda kusoma. Mwaka uliofuata alimwendea Seneta John F. Kennedy, ambaye wakfu wa familia yake ulitoa dola 100,000. Jambo hilo likawa mvutano kati ya kambi ya Kennedy na ile ya Richard Nixon, kila upande ukiwatupia jicho wapigakura weusi.

Akiwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, Mboya alisimamia mkataba wa waajiri na wafanyakazi uliotaka migogoro imalizwe mezani kwanza. Kwa mtu aliyepata umaarufu kupitia mgomo, hatua hiyo iliwauma baadhi ya wenzake wa zamani, na haki yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, hakuwa amegeuka kiasi hicho. Kilindini pia aliwaomba watu warudi kazini ili mazungumzo yaendelee.

Julai 5, 1969, akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, alipigwa risasi na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.