Madam C.J. Walker: Dobi aliyenyonyoka nywele akawa tajiri wa nywele

Kabla hujaketi tena kwenye kiti cha saluni pale Kitale au Bungoma, usukwe rasta za kukubana hadi ushindwe kulala, hebu mjue mwanamke huyu.

Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa Desemba 23, 1867 mjini Delta, jimbo la Louisiana, Marekani, wazazi wake wakiwa wametoka tu utumwani. Akiwa na miaka 7 tayari alikuwa yatima. Akaolewa akiwa na miaka 14, na kufikia 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo. Akahamia St. Louis, walikokuwa kaka zake vinyozi. Yeye akawa dobi.

Huko ndiko nywele zilianza kumtoka. Usidhani alirogwa! Enzi hizo nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya mfereji, na watu walikaa muda mrefu bila kuosha nywele. Mba na vidonda vikajaa kichwani. Ngozi ikiugua, unywele utashika wapi?

Akajaribu dawa hii na ile, zikiwemo za Annie Turnbo, mwanamke mwingine Mweusi aliyekuwa kwenye biashara hiyo. Akawa hata ajenti wake. Mwaka wa 1905 akahamia Denver, na 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker. Akachukua jina hilo, akaanza kuuza nyumba hadi nyumba mafuta yake mwenyewe yenye salfa.

Wengi husema ati ndiye aliyebuni kichana cha moto. Si kweli, kilikuwepo kabla yake, ingawa naye alikitumia. Kiini cha mpango wake kilikuwa ngozi ya kichwa: ioshe mara kwa mara, isugue, kisha ipake dawa.

Mwaka wa 1910 alihamishia biashara Indianapolis, akajenga kiwanda na kufunza mawakala. Mwaka wa 1917 aliwaita Philadelphia kwa kongamano, wakafika zaidi ya 200. Wanawake ambao wangebaki kufua na kupika kwa watu sasa walikuwa na pesa zao. Naye alichangia shule na vita dhidi ya mauaji ya watu Weusi. Alifariki Mei 25, 1919 akiwa na miaka 51.

Sasa turudi kwako. Kama baridi ya Kitale hukufanya uogope maji, au uko Bungoma na unaacha rasta miezi mitatu ili kuokoa pesa, shida yako haiko mbali na ya Sarah. Rasta hazizuii kuosha: changanya shampuu na maji, sugua ngozi taratibu, suuza, kisha kausha vizuri. Msusi akikaza, mwambie alegeze hapo hapo. Usipake dawa ya kulainisha nywele na kusuka siku hiyo hiyo. Ncha zilizopasuka zikate tu, maana hakuna mafuta yanayoziunganisha tena.

Na ukiona kando ya paji la uso panabaki wazi, ama kuna vidonda, usifunike kwa wivu. Fululiza hospitalini. Mzizi ukivutwa miaka na miaka hufa, na ukifa, hata mafuta ya Madam Walker hayangeurudisha.