Askofu Muge: Ujasiri wake haukuota kwa siku moja

Kama wewe ni wa Eldoret, huenda umepita karibu na Kanisa Kuu la St. Matthew's mara mia, uko kwa boda, muziki masikioni, akili yote iko kazini ama klasi. Leo punguza mwendo kidogo. Hapo ndipo palikuwa kiti cha Alexander Kipsang Muge, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Eldoret. Wazazi wako wanamkumbuka. Wewe huenda umesikia jina tu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla ya kuvaa joho, Muge alivaa magwanda ya GSU. Ndiyo, GSU hiyo hiyo unayoijua, wale ambao ukiwaona barabarani unabadilisha njia. Mtoto wa Nandi, askari, kisha akaacha bunduki akaenda kusomea uchungaji.

Mimi naona miaka ile ya uaskari haikupotea bure. Mtu aliyezoea nidhamu ya kambi, na aliyeijua serikali akiwa ndani, hashtuki haraka akisikia ving'ora.

Mwaka 1983 akawa askofu. Dayosisi yake ilikuwa pana, ikifika hadi Pokot, na kazi ya askofu ni kuzunguka. Leo uko kwa ubatizo, kesho mazishi, keshokutwa unaketi chini ya mti na wazee. Ukikaa na watu hivyo, shida zao zinaingia hadi kwa maombi yako. Njaa ilipobana Pokot Magharibi, Muge alisema wazi kwamba watu wanateseka, na wakubwa hawakufurahi.

Kumbuka enzi zenyewe. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Mchujo wa KANU wa 1988 ulikuwa na mlolongo: unapanga foleni nyuma ya mgombea wako, kila mtu anakuona. Muge aliupinga. Alikemea pia ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Hakuwa peke yake. Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari na Kasisi Timothy Njoya walikuwa wakisema pia. Marafiki wa aina hiyo wanakupa mgongo wa kusimama.

Halafu ikaja Agosti 1990. Waziri wa Leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani yeye na Okullu: wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungepata kisingizio: gari limeharibika, mtoto mgonjwa, tutaenda mwezi ujao.

Muge alienda. Jumanne, Agosti 14, alifika Busia, akahubiri, watu wakamlaki kwa furaha. Kisha akashika njia ya kurudi Eldoret. Karibu na Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa. Askofu akafa papo hapo barabarani.

Nchi ilitikisika. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alifungwa, akafia jela. Miaka mingi baadaye kisa hicho kilifika mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na hadi leo wapo wasiokubali kwamba ilikuwa ajali tu. Desemba 1991, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kumzika, kifungu kilicholazimisha chama kimoja kiliondolewa kwenye Katiba. Yeye hakukiona kikiondoka.

Sasa turudi kwako. Tunapenda kudhani imani inakua kwa kesha moja ama krusedi moja yenye spika kubwa. Hayo yana nafasi yake, sikatai. Lakini ile safari ya Busia haikuanza Jumanne ile. Ilianza kwa siku za kawaida ambazo hazikuandikwa gazetini: kazi aliyofanya, watu aliokaa nao, njaa aliyokataa kuizoea, marafiki aliowachagua.

Basi jiulize: nani unamsikiliza kutwa nzima kwa simu? Ukikaa na mabeste, mnaongea nini? Yule mama wa mboga hapo stage unamjua jina, ama unajua bei ya sukuma tu? Ukiombwa "kitu kidogo" kazini, unajibu aje?

Busia yako itakuja, pengine bila onyo. Siku hiyo utatumia ulichoweka akiba siku kama ya leo.