Swynnerton, bwana nyama aliyepambana na mbung'o Shinyanga

Charles Swynnerton, Mwingereza aliyezaliwa 1877, alikuwa bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1919. Lakini jina alilipatia Shinyanga, akimtafiti mbung'o, mdudu anayeeneza malale na kuua ng'ombe.

Malale si usingizi tu. Kimelea chake hubadili ganda kila mara, kinga ya mwili ikabaki inakipoteza. Kikiingia kwenye ubongo, mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, na wengine hudhaniwa wamerukwa na akili.

Swynnerton aliamua kumnyima mbung'o kivuli. Wasukuma kwa maelfu wakafyeka vichaka na kuchoma nyasi.

Juni 1938 akafa kwa ajali ya ndege hukohuko Tanganyika. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ina jina lake, na Serengeti bado wapo.