Jamshid al-Kashi: Aliyekadiria, Kisha Akarekebisha



Ndugu zangu, kila mwaka wenzetu wa sayansi na uhandisi hulalamikia somo moja: milinganyo ya diferensiali. Ni hesabu ya vitu vinavyobadilika. Tazameni Ziwa Kivu hapa kwetu Rusizi. Maji yanaingia kwa mvua na vijito, yanatoka kwa Mto Rusizi kuelekea Tanganyika, na ziwa likipanda mto nao unachukua maji mengi zaidi. Kasi ya mabadiliko inategemea kiasi kilichopo, na kiasi kilichopo kinategemea kasi hiyo. Kinachowakatisha wengi tamaa ni kwamba milinganyo mingi ya namna hii haina jawabu la fomula. Inabidi kuanza na kadirio, kisha kulirekebisha tena na tena. Wengine huona huko ni kubahatisha, na wapo wanaoliacha somo kwa kudhani akili zao ndizo zenye kasoro. Kwa ajili yao naandika maisha ya Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi.

Alizaliwa Kashan, katika Iran ya leo, karibu na mwaka 1380. Ilikuwa zama za vita vya Timur, na watu wa miji mingi waliishi kwa shida. Jamshid naye aliijua dhiki. Alisomea utabibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na falaki. Tarehe 2 Juni 1406, akiwa Kashan, aliangalia kupatwa kwa mwezi na kuandika vipimo vyake. Mwaka uliofuata akamaliza kitabu juu ya umbali na ukubwa wa sayari na nyota. Hakuwa bado na mfadhili wa kudumu.

Baadaye alichukua majedwali ya falaki ya Nasir al-Din al-Tusi, mwanachuoni mkubwa aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 100, akayapitia na kuyarekebisha. Kazi hiyo alimtunukia Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, aliyetawala Samarkand. Ulugh Beg alikuwa mtawala wa aina ya pekee: alijenga madrasa ambamo hesabu na falaki zilifundishwa pamoja na elimu za dini, kisha kituo kikubwa cha kuangalia nyota. Akamwita Jamshid ajiunge na wanachuoni wake. Kutoka huko Jamshid alimwandikia baba yake barua ambazo baadhi zimehifadhiwa hadi leo, akimweleza jinsi wasomi wa Samarkand walivyojaribiana kwa maswali magumu.

Mwaka 1424 alimaliza risala juu ya mzingo wa duara. Alitumia pembenyingi yenye pande 805,306,368, akapata thamani ya pai kwa tarakimu 16 za desimali. Ilipita zaidi ya miaka 150 kabla ya mtu mwingine kumzidi. Mwaka 1427 akamaliza Miftah al-Hisab, kitabu kilichowafundisha wafanyabiashara, wajenzi na wapima ardhi kutumia hesabu, pamoja na namna ya kupima kuba na matao.

Kazi inayotuhusu zaidi ni ile ya sini ya nyuzi 1. Majedwali ya falaki, ambayo kwayo hukokotolewa nyakati za sala na mwelekeo wa kibla, yanasimama juu ya namba hiyo. Sini ya nyuzi 3 ilijulikana. Kutoka hapo kwenda kwenye nyuzi 1 kunatokea mlinganyo wa kipeo cha tatu, na namba inayotafutwa ipo pande zote mbili: ni theluthi ya sini ya nyuzi 3, ukiongeza theluthi nne za mchemraba wa namba hiyo hiyo. Unahitaji jawabu ili upate jawabu.

Jamshid alianza na kadirio. Tukitumia desimali zetu, theluthi ya sini ya nyuzi 3 ni 0.0174453187. Weka hiyo upande wa kulia, utapata 0.0174523978. Irudishe tena, utapata 0.0174524064, na tarakimu zote hizo tayari ni sahihi. Jaribuni wenyewe kwa simu. Yeye alifanya kwa mkono, kwa mfumo wa sitini, akaendelea mbali zaidi ya hapo.

Tusiseme, kama baadhi yetu tunavyopenda kusema, kwamba al-Kashi aligundua milinganyo ya diferensiali. Hakuijua. Ilikuja na Newton na Leibniz katika karne ya 17. Lakini katika karne ya 19 Mfaransa Émile Picard alitumia njia ya kurudisha kadirio ndani ya mlinganyo, hatua kwa hatua, kuthibitisha kwamba milinganyo mingi ya diferensiali ina jawabu. Hatua ile ile inayowachosha wenzetu darasani ni ya jamii moja na ile iliyofanywa Samarkand. Siyo kubahatisha, maana kila mara unajua kosa linapungua.

Jamshid alifariki tarehe 22 Juni 1429, nje ya mji wa Samarkand, kabla majedwali ya Ulugh Beg hayajakamilika. Wenzake waliyamaliza, na Ulugh Beg akamtaja kwa heshima katika utangulizi wake.

Ndugu yangu uliyetaka kuliacha somo, kadirio lako la kwanza kuwa na kosa siyo dalili kwamba huna akili. Ndipo kazi inapoanzia. Nasi tunaosoma dini tusiwaache wenzetu peke yao, kwani saa za sala tunazozifuata zimepitia mikononi mwa watu kama huyu.

Allah amrehemu Jamshid, na atunufaishe kwa elimu. Amin.