Mtoro bin Mwinyi Bakari: Aliacha njia ya misafara Bagamoyo, akashika kalamu Berlin

KABLA ya lori la kwanza kunguruma katika barabara za Tanganyika, mizigo ya nchi hii ilisafiri mabegani na vichwani mwa watu. Mfanyabiashara aliyetaka kupeleka nguo, shanga na nyaya za shaba bara, ama kuleta pembe za ndovu pwani, aliwategemea wapagazi. Kituo chao kikuu kilikuwa Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam.

Kutoka Bagamoyo njia ilikwenda Tabora hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, iliyochukua miezi kadhaa kwa miguu. Vijana wengi wa pwani waliitazama njia hiyo kama vijana wa miaka ya baadaye walivyoutazama usukani wa lori: ni kazi ngumu na ya hatari, lakini yenye riziki na yenye kumfungulia mtu macho.

Miongoni mwa waliokulia katika mji huo wa misafara alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa mnamo mwaka 1869 huko Dunda, Bagamoyo. Alisoma chuoni kama watoto wengine wa Kiislamu wa pwani, akahitimu kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alipokuwa kijana wa miaka 19 hivi, yaani mwaka 1888, ilizuka vita ya watu wa pwani waliomfuata Abushiri bin Salim dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Bagamoyo ikageuka uwanja wa mapigano. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na utawala wa Wajerumani ukashika mizizi.

Katika mazingira hayo Mtoro aliingia katika maisha ya kazi. Alipata kuitumikia serikali mpya katika ukusanyaji wa kodi ya nyumba, na alisafiri kutoka pwani kupitia Udoe hadi Uzigua, nchi zilizo upande wa kaskazini na magharibi mwa Bagamoyo. Safari hiyo aliiandika yeye mwenyewe, akieleza pia mila za Wadoe. Maelezo yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli.

Kufikia wakati huo mwandishi mwenyewe alikuwa ameshaiacha njia. Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 31 hivi, alipanda meli kwenda Berlin kuanza kazi mpya kabisa, ya kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887. Hakuwa mtu wa kwanza wa pwani kuishika kazi hiyo, kwani Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa amefundisha hapo katika miaka ya 1890. Wanafunzi wake walikuwa ni pamoja na maofisa waliojiandaa kuja kuitawala nchi yake.

Huko alifanya kazi chini ya Profesa Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam. Mwaka 1903 kikatoka Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ya maandishi yake ilitokana na Mtoro. Kitabu hicho kinaeleza maisha ya Mswahili tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: malezi, chuo, jando, harusi, ngoma, pepo, utumwa, madeni, sheria na safari za bara. Hata hivyo, jina lililowekwa mbele ya msomaji lilikuwa la Velten.

NDOA ILIYOMFUNGIA NJIA

Mwaka 1904 Mtoro alifunga ndoa mjini Berlin na mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Sheria za Ujerumani kwenyewe hazikuizuia ndoa hiyo, lakini katika koloni mambo yalikuwa tofauti. Watawala waliamini kuwa mwanamke Mzungu akionekana nyumbani kwa mume Mwafrika, heshima ya Wazungu wote ingeshuka machoni pa wananchi.

Mwaka 1905, baada ya kazi yake katika seminari kuingia mashakani, Mtoro alifunga safari na mkewe kurejea nyumbani. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ilikataa mke huyo asishuke. Mtu aliyewafundisha maofisa lugha ya nchi hiyo akatakiwa kuchagua kati ya nchi yake na mke wake. Alimchagua mke, wakarudi Ujerumani. Hiyo ilikuwa miezi ileile ambayo vita ya Majimaji ilikuwa ikianza kusini mwa koloni, na mwaka uliofuata serikali ya koloni ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuhangaika. Aliidai serikali haki yake kwa maandishi, na baadaye akapata kazi Hamburg, alikofundisha Kiswahili katika Taasisi ya Kikoloni pamoja na mtaalamu wa lugha za Kibantu, Carl Meinhof. Kazi hiyo nayo ilipokwisha, alizunguka Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Yule aliyewahi kuziacha njia za Udoe alirudi tena kuishi kwa safari, katika nchi ya baridi. Alifariki dunia Berlin mwaka 1927.

Njia aliyoiacha nayo haikudumu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule aliorudishwa na meli. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa na wapagazi ikahamia kwenye mabehewa, na Bagamoyo, iliyokuwa tayari imepoteza makao makuu ya serikali kwa Dar es Salaam mwaka 1891, ikapoteza pia biashara yake. Malori yalipokuja, yalizikuta zama za misafara zimekwisha.

Kitabu ndicho kilichobaki. Kinaendelea kutumiwa na watafiti wanaotaka kujua watu wa mrima waliishije kabla ya karne ya 20. Ilipotoka tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen, mwaka 1981, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa katika anwani, miaka 78 baada ya toleo la kwanza na miaka 54 baada ya kifo chake.